Beryl Markham: Rubani wa Nairobi aliyesoma nyika kwa dira, ramani na saa

KATIKA miaka ya mwanzo ya 1930, rubani aliyepaa kutoka Nairobi alikuwa na vitu vitatu tu vya kumwonyesha njia: dira, ramani na saa ya mkononi. Ndege ndogo za wakati huo hazikuwa na redio ya kuulizia, na mara tu vilima vya Ngong vilipobaki nyuma hapakuwa na barabara ya kufuata wala taa ya kumwongoza usiku. Chini ya mabawa ilikuwa nyika tupu. Aliyekosea hesabu kwa digrii chache hakuwa na wa kumrekebisha; angeishiwa na mafuta mahali asipopajua, na wa kumtafuta wasingejua waanzie wapi.

Miongoni mwa waliopata riziki kwa hesabu hizo alikuwa mwanamke mmoja mrefu, aliyekuwa akizungumza Kiswahili na Kinandi tangu utotoni, na ambaye kabla ya kuingia katika ndege alikuwa tayari amejipatia jina katika mbio za farasi. Huyo ni Beryl Markham. Dunia inamkumbuka kwa kuvuka bahari ya Atlantiki peke yake mwaka wa 1936 na kwa kitabu chake kimoja maarufu. Hata hivyo, ujuzi uliomfikisha ng'ambo ya bahari aliupata hapa, katika uwanja wa ndege wa Nairobi na katika mbuga zilizouzunguka.

Alizaliwa Oktoba 26, 1902 katika kijiji cha Ashwell, Rutland, nchini Uingereza, na kupewa jina Beryl Clutterbuck. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa mwanajeshi wa zamani aliyependa farasi kuliko kitu kingine chochote. Alipata shamba Njoro, na Beryl akaletwa huko akiwa na umri wa takriban miaka minne. Mama yake hakuyaweza maisha ya ulowezi. Alirejea Uingereza pamoja na kaka yake Beryl, na msichana akabaki na babake, farasi, mbwa na wafanyakazi wa shamba.

Hapo ndipo palipoanzia elimu yake ya kweli. Shule ya Nairobi aliyopelekwa baadaye hakudumu nayo, alifukuzwa. Walimu wake wa kwanza walikuwa Wanandi na Wakipsigis walioishi shambani, hasa mwindaji aliyemtaja kwa jina la arap Maina na mwanawe Kibii, ambaye baada ya kutahiriwa aliitwa arap Ruta. Pamoja nao alitembea miguu mitupu msituni akiwa na mkuki, akajifunza kufuata nyayo, kusikiliza upepo unatoka wapi, na kujua njia ya nyumbani kwa mteremko wa ardhi na kwa jua. Arap Maina alifia katika vita vya kwanza vya dunia, vita ambavyo havikumhusu kwa lolote. Mwanawe aliendelea kufanya kazi na Beryl kwa miaka mingi, kwanza katika mazizi ya farasi, kisha kwenye banda la ndege. Ni jambo la kusikitisha kwamba vitabu vingi vinavyomsifu Beryl vinawapa watu hawa nafasi ndogo, ilhali wao ndio waliomfunza kuitazama ardhi kabla hajawahi kushika ramani.

Ukame ulipomfilisi Clutterbuck baada ya vita hivyo, alifunganya na kwenda Peru. Binti yake, aliyekuwa ameolewa mwaka wa 1919 na mlowezi aitwaye Jock Purves kabla hajatimiza miaka 17, alikataa kumfuata. Alichukua leseni ya ukufunzi wa farasi wa mbio, mwanamke wa kwanza kuipata nchini Kenya, na mwaka wa 1926 farasi wake Wise Child akashinda mbio kubwa za St Leger jijini Nairobi. Ndoa ile ya kwanza ilivunjika. Ya pili, na Mansfield Markham mwaka wa 1927, ilimpa jina alilolibeba hadi mwisho na mtoto wa kiume, Gervase, aliyelelewa Uingereza na nyanya yake. Hiyo nayo haikudumu. Uvumi kuhusu uhusiano wake na Mwanamfalme Henry, mwana wa Mfalme George wa Tano, uliwapa watu wa vilabu vya Nairobi cha kuzungumza kwa miaka, na waandishi wengi wameukariri mno. Haumsaidii msomaji kumwelewa.

Kilichombadilisha ni ndege. Mwaka wa 1929 mjane aitwaye Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways jijini Nairobi, na rubani wake mkuu akawa Tom Campbell Black. Mwanamume huyo alikuwa na sifa ya kuwapata watu waliopotea. Mwaka wa 1931 rubani mashuhuri wa Ujerumani, Ernst Udet, alitua kwa dharura katika mabwawa ya mto Nile kusini mwa Sudan, na Campbell Black ndiye aliyemtafuta na kumkuta akiwa hai. Kumpata mtu katika eneo kama lile si bahati nasibu. Ni kazi ya kuchora mistari kwenye ramani, kukisia rubani alikuwa na mafuta ya kumfikisha wapi, na kuruka juu ya kila mstari bila kupotea mwenyewe.

Mwalimu huyo ndiye aliyemfunza Beryl. Uwanja wa Nairobi ulikuwa ukanda wa nyasi na udongo kando ya mbuga, na mara kwa mara pundamilia na nyumbu walilazimika kufukuzwa ndipo ndege itue. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyembamba na ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa. Beryl aliandika baadaye jinsi Campbell Black alivyomwacha aelekee vilima vya Ngong bila kumwonya. Upepo unaoporomoka kutoka kwenye kingo hizo uliishika ndege na kuivuta chini, injini ikinguruma kwa nguvu zake zote na vilima vikizidi kuinuka mbele yake. Mwalimu alingoja mpaka mwanafunzi alipoelewa, ndipo akageuza. Alimfunza pia somo gumu kuliko yote kwa mtu aliyekulia nyikani: kwamba katika wingu na gizani hisia za mwili hudanganya, na dira ndiyo ya kuaminiwa hata pale moyo unapokataa.

Dira, hata hivyo, nayo ina hila zake. Sindano yake haielekei kaskazini ya ramani bali kaskazini ya sumaku, na tofauti ya hizo mbili hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Nairobi tofauti hiyo ni ya digrii chache tu. Chuma cha injini nacho huivuta sindano kando, kwa hivyo kila ndege ilihitaji kadi ndogo ya masahihisho mbele ya rubani. Ndege ikipinda, sindano huyumba na kusema uongo hadi mwendo unyooke tena. Rubani aliyeyajua haya aliketi na ramani kabla ya safari, akachora mstari kutoka alipo hadi aendako, akapima pembe yake, akaongeza au kupunguza masahihisho, na kupata namba ya kuishikilia kwenye dira.

Kisha akakumbana na upepo. Ndege aina ya Avro Avian aliyoirusha Beryl ilisafiri kwa takriban kilomita 140 kwa saa. Upepo wa kilomita 25 kwa saa ukiipiga ubavuni, ungeisukuma hadi kilomita 50 nje ya njia kwa muda wa saa mbili, ilhali dira ingali inaonyesha namba ile ile ya asubuhi. Pua ya ndege inatazama kule inakotakiwa. Ndege yenyewe inakwenda kwingine. Ndiyo sababu marubani walitazama moshi wa nyumba na wa majani yanayochomwa, mawimbi madogo juu ya ziwa na vumbi la mifugo, wakakadiria upepo na kuelekeza pua upande unakotoka. Manahodha wa majahazi ya Lamu na Mombasa walikuwa na hesabu zinazofanana na hizo za mkondo na upepo karne nyingi kabla ya ndege kuja.

Saa ndiyo iliyofunga hesabu. Rubani aligawanya mstari wake kwa alama, kila alama ikiwa ni mwendo wa dakika kumi au zaidi. Muda ulipotimia alitazama chini kutafuta kitu ambacho ramani ilisema kitakuwepo: mto unaopinda, reli, kilima kilichosimama peke yake. Kikiwepo, alijua alipo. Kisipokuwepo, hakutakiwa kubahatisha kwamba mto mwingine wowote ni ule ule. Huo ndio mtego uliowaua wengi, yaani kulazimisha ardhi ifanane na ramani kwa sababu mtu anataka iwe hivyo.

Mwenda kwa miguu ana njia iliyo salama zaidi, kwa kuwa anaweza kusimama. Akiwa kwenye kingo za Bonde la Ufa nyuma ya Ngong, humlenga Longonot kwa dira na kuandika pembe, kisha humlenga Suswa vivyo hivyo. Akichora mistari miwili ya kurudi kutoka kwenye vilele hivyo, pale inapokatana ndipo amesimama. Vijana wa skauti wamefundishwa hivyo kwa miaka mingi. Rubani hufanya jambo lile lile, ila milima yake inasogea na haimngoji.

Na ramani zenyewe? Nyingi za zile zilizokuwepo zilichorwa kwa kipimo cha moja kwa milioni moja au moja kwa milioni mbili. Katika hiyo ya pili, sentimita moja ya karatasi ni kilomita 20 za ardhi, na upana wa kidole gumba hufunika kilomita 40. Sehemu kubwa zilikuwa nyeupe, zimeandikwa kwamba hazijapimwa. Weupe huo haukumaanisha kwamba hapakuwa na watu. Wamaasai, Wakamba, Waoroma na Waturkana walikuwa na jina la kila kisima na kila njia ya mifugo katika maeneo hayo. Waliokuwa hawapajui ni waliochora. Kwa rubani, hata hivyo, matokeo yalikuwa yale yale: aliingia kwenye karatasi tupu akiwa na pembe, mwendo na dakika, akatokea upande wa pili akiomba hesabu iwe sawa.

Beryl alipata leseni yake ya kwanza mwaka wa 1931. Mwaka huo huo alionyeshwa bei ya kazi hiyo. Denys Finch Hatton, mwindaji aliyependwa na Beryl na kabla yake na Karen Blixen, alikuwa akienda Voi kwa ndege yake ya Gipsy Moth kujaribu kutafuta tembo kutoka angani. Alimwalika Beryl. Campbell Black alimshauri asiende, naye akamsikiliza. Mnamo Mei 14, 1931 ndege hiyo ilianguka na kuungua muda mfupi baada ya kupaa Voi, ikamuua Finch Hatton pamoja na mtumishi wake Kamau. Finch Hatton alizikwa katika vilima vya Ngong, na jamaa zake wakamjengea mnara. Kaburi la Kamau halizungumzwi. Mwaka huo huo shamba la kahawa la Karen Blixen lililokuwa chini ya vilima hivyo liliuzwa na kukatwakatwa, na ndilo lililozaa mtaa wa Karen wa leo.

Badala ya kuacha kuruka, Beryl aliichukua kazi ambayo Finch Hatton alikuwa anaijaribu. Mwaka wa 1932 alisafiri peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza kupitia Sudan na Misri katika Avian yake yenye nambari VP-KAN. Mwaka wa 1933 akapata leseni ya kurusha ndege kwa malipo, mwanamke wa kwanza kuipata Kenya. Alibeba barua, abiria, dawa na vipuri hadi machimbo ya dhahabu na mashamba yasiyofikika. Kitabu chake kinaanza na safari ya usiku kumpelekea hewa ya oksijeni mgonjwa katika machimbo ya Nungwe, Tanganyika, karibu na ziwa Victoria, ambako kiwanja kilikuwa ni mioto michache tu iliyowashwa gizani. Saa kadhaa bila taa hata moja, kisha nukta chache za moto mahali ambapo dira na saa zilikuwa zimesema zitakuwepo.

Kazi iliyolipa vizuri zaidi ilikuwa ile ya tembo. Mwindaji Bror Blixen, aliyekuwa mume wa Karen, alichukua wateja matajiri hadi nyika ya miiba iliyo kati ya Makindu na Voi. Chini, mtu hakuona zaidi ya hatua chache mbele yake. Beryl aliruka juu ya vichaka hadi alipoona kundi lenye dume la pembe kubwa, akapima kwa dira upande lililokuwa na kukadiria umbali wake kutoka kambini. Aliandika yote katika karatasi, akaitia katika mfuko mdogo wenye uzito na utepe wa rangi, akaidondosha kambini. Wawindaji nao waliwasha moto wa moshi ili awaone.

Hapa ndipo ujuzi wake ulipopimwa kweli. Si shida kuona tembo kutoka juu. Shida ni kusema walipo, kwa namna ambayo mtu aliye chini, asiyeona alama yoyote ya ramani, ataweza kufika kabla hawajaondoka. Digrii tano za makosa katika safari ya kilomita 300 kutoka Nairobi hadi Voi humpeleka rubani kilomita 26 pembeni. Katika kilomita 15 za miguu kati ya miiba, kosa hilo hilo humweka mwindaji zaidi ya kilomita moja kutoka kwenye kundi, na katika kichaka kile kilomita moja ni sawa na kutokuwa na habari kabisa. Wakati mmoja mvua ilifurika mito na kuwazingira Blixen na mteja wake, Winston Guest, ikawa ni Beryl wa kuwatafuta na kuwatoa kwa ndege kutoka katika ukanda mdogo uliofyekwa kwa mapanga.

Msomaji wa leo hawezi kuifurahia kazi hiyo bila kusita. Tembo hao waliuawa kwa ajili ya pembe na fahari. Mwaka wa 1948 sehemu kubwa ya nyika hiyo iliingizwa katika mbuga ya Tsavo, na mwaka wa 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji. Beryl mwenyewe aliandika juu ya tembo kwa heshima, na wakati mwingine kwa majuto ya nusu nusu, lakini malipo aliyapokea.

Mapema mwaka wa 1936 aliondoka Nairobi kwa ndege pamoja na Blixen kuelekea London. Serikali ya Sudan haikuruhusu mwanamke kuruka peke yake katika sehemu za kusini za nchi hiyo, sheria ambayo ilimuudhi mtu aliyejua njia hiyo kuliko wanaume wengi. Libya, iliyokuwa chini ya Waitaliano, iliwachelewesha kwa karatasi na mihuri. Walipofika Uingereza, mlowezi mwingine wa Kenya, John Carberry, alikubali kumwazima ndege mpya aina ya Percival Vega Gull iliyokuwa ikiundwa kwa ajili yake. Mkewe Carberry, Maia, alikuwa amekufa katika ajali ya ndege Nairobi mwaka wa 1928. Sharti lilikuwa Beryl aivukishe Atlantiki.

Alipaa kutoka Abingdon jioni ya Septemba 4, 1936, kabla tu ya saa moja usiku kwa saa zetu za kuhesabu giza. Lengo lilikuwa New York. Wanawake na wanaume walikuwa wamevuka bahari hiyo kutoka Marekani kwenda Ulaya wakisukumwa na upepo. Amelia Earhart alifanya hivyo peke yake mwaka wa 1932. Kwenda upande wa pili ni kupigana na upepo huo njia nzima. Jim Mollison alikuwa amefaulu akitokea Ireland mwaka wa 1932. Hakuna mwanamke aliyekuwa amefaulu peke yake, na hakuna mtu aliyekuwa amefanya hivyo peke yake akitokea Uingereza bila kutua.

Ndege haikuwa na redio. Matangi ya ziada hayakuwa na kipimo cha kuonyesha mafuta yaliyobaki, hivyo kila tangi lilitumika hadi injini izime, ndipo lingine lifunguliwe. Usiku huo injini ilizima juu ya bahari, na ndege ikateremka kuelekea majini hadi mafuta ya tangi lililofuata yalipoifikia. Nje kulikuwa na mvua, mawingu na giza kwa saa nyingi mfululizo.

Kwa hesabu ya mahali, bahari ile ilikuwa kinyume cha kila kitu alichokizoea. Hapakuwa na Longonot wala reli ya Mombasa wala moshi wa nyumba yoyote kumwonyesha upepo. Tofauti ya kaskazi ya ramani na ya sumaku, ambayo Nairobi ni ya kupuuzika, huongezeka kadiri mtu anavyokaribia Canada hadi kupita digrii 20. Aliyeshikilia namba moja kwenye dira usiku kucha angejikuta mbali sana na alikokusudia. Ilimbidi kubadilisha namba hiyo kwa saa, akiwa peke yake, amechoka, bila alama hata moja ya kumthibitishia kwamba yuko sawa. Karibu kilomita 3,000 za maji zilikuwa ni ule weupe wa ramani ya zamani, ila safari hii kwa hakika hapakuwa na mtu.

Alipoiona nchi kavu ilikuwa Newfoundland, pale ilipotarajiwa. Aliendelea hadi kisiwa cha Cape Breton huko Nova Scotia, na hapo injini ikaanza kukohoa. Mwenyewe alieleza kwamba barafu ilikuwa imeziba njia ya hewa ya tangi la mwisho na kuyabana mafuta. Kiwanja cha Sydney kilikuwa mbele yake kwa mwendo wa dakika chache tu, na alijua hivyo kwa kutazama ramani. Ndege haikufika. Aliishusha Baleine katika kinamasi chenye mawe, pua ikazama matopeni na kipaji chake kikapasuka. Alikuwa angani kwa zaidi ya saa 20.

Magazeti mengine yaliandika kana kwamba alipotea na kuangukia popote. Hiyo si haki. Alikosa New York kwa ajili ya mafuta, si kwa ajili ya njia. New York ilimpokea kwa shangwe hata hivyo. Siku 15 baada ya yeye kupaa Abingdon, Septemba 19, Tom Campbell Black aliuawa katika uwanja wa ndege wa Speke, Liverpool, ndege ya kijeshi ilipoigonga ndege yake akiwa bado ardhini. Mtu aliyewafundisha wengine kutopotea alikufa akiwa mahali palipojulikana na kila mtu.

Beryl hakufanya tena safari kama ile. Aliishia California, ambako mwaka wa 1942 kilichapishwa kitabu chake, West with the Night, na mwaka huo akaolewa na mwandishi Raoul Schumacher. Vita vilikuwa vimepamba moto na kitabu kikasahaulika upesi. Baadaye watu wa karibu na Schumacher walidai kwamba yeye ndiye aliyekiandika. Mwandishi wa maisha yake Mary Lovell, katika kitabu cha 1987, alimtetea Beryl; Errol Trzebinski, katika kile cha 1993, aliegemea upande wa pili. Kwamba Schumacher alisaidia kunoa lugha ni jambo linalowezekana. Lakini kurasa zinazohusu dira, upepo wa Ngong na matangi yanayokauka gizani zimeandikwa na mtu aliyeyapitia.

Alirejea Kenya kuelekea mwanzo wa miaka ya 1950 na kushika tena farasi. Farasi aliowafunza walishinda mbio za Kenya Derby mara sita. Wilson Airways ilikuwa imekufa wakati wa vita vya pili vya dunia. Uwanja wake wa Nairobi West ulipewa jina la Wilson mwaka wa 1962, kwa heshima ya Florence. Mbio za farasi zilihamia barabara ya Ngong mwaka wa 1954, na karibu na uwanja huo, katika nyumba ndogo aliyopewa na wasimamizi wa mbio, Beryl alizeekea. Fedha zilikuwa zimekwisha. Wezi walimvamia na kumpiga.

Kisha, mwaka wa 1981, zilichapishwa barua za Ernest Hemingway, na katika mojawapo ya mwaka wa 1942 mwandishi huyo alikuwa amekisifu kitabu cha Beryl kuliko maandishi yake mwenyewe, ingawa mwandishi hakumpenda kama mtu. Mmiliki wa mkahawa huko California, George Gutekunst, aliisoma barua hiyo, akakitafuta kitabu, akawashawishi wachapishaji wa North Point Press wakitoe upya mwaka wa 1983. Kiliuzwa kwa wingi, na mwanamke wa miaka 80 aliyekuwa akiishi kwa msaada wa marafiki kando ya barabara ya Ngong akapata tena kipato na wageni.

Mwaka wa 1986 alianguka nyumbani akavunjika mfupa wa paja, akafanyiwa upasuaji na kupatwa na nimonia. Alifariki jijini Nairobi Agosti 3, mwezi mmoja na siku moja kabla ya kutimia miaka 50 tangu alipopaa kutoka Abingdon.